Jinsi ya kupanga mda wa msuli (kusoma) kabla ya UE: anza na CA yako, masaa yaje baadae

UE, yaani mitihani ya mwisho wa semesta chuoni, zikibaki wiki tatu watu wengi wanachukua karatasi wanachora ratiba, jumatatu DS (masomo ya maendeleo), jumanne uhasibu, jumatano takwimu, kila kozi masaa mawili mawili, inapakwa rangi inabandikwa ukutani, na wiki haijaisha hakuna anayeiangalia tena. Mimi sikubali kwamba tatizo ni uvivu. Ratiba inayogawa masaa sawa kwa kila kozi imetengenezwa bila kuangalia wewe una maksi ngapi mkononi, kwa hiyo unajikuta unasoma sana kozi unayoipenda na ile inayokutisha unaisogeza kesho, keshokutwa, mpaka usiku wa pepa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika saa yoyote andika CA zako zote, yaani maksi ulizokusanya kwenye test na asaimenti. Vyuo vyetu vingi CA ni 40 na UE ni 60 (kama kwenu ni 50 kwa 50 badilisha tu namba, hesabu ni ile ile). Na kama kuna test au asaimenti haijaingizwa mfate lekchara sasa hivi, ukichelewa nenda na CR wenu (mwakilishi wa darasa), usisubiri matokeo yatoke ndo uanze kuzunguka maofisini. Angalia pia kozi zote umezirejista kwenye mfumo wa chuo, inachukua dakika tano na kuna watu kila mwaka wanaligundua hili asubuhi ya mtihani.

Sasa tupige hesabu. Chukua mwanafunzi mwenye kozi sita, krediti (uzito wa kozi) 60 jumla. Takwimu ni krediti 12 na CA yake ni 17. Sheria ya biashara ni krediti 8 na CA yake ni 31. Kwa mfumo kama wa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) C inaanzia 40, B 50, B+ 60, A 70, na pointi zake ni 2, 3, 4 na 5, kisha kila moja inazidishwa na krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti ndo unapata GPA, yaani wastani wa pointi zako. Huyu ili asipate sapu (mtihani wa kurudia) kwenye takwimu anahitaji 23 kati ya 60. Ili apate B anahitaji 33. Kwenye sheria akipata 29 tu ana B+, akitaka A anahitaji 39.

Wengi hapo wanakimbilia A ya sheria kwa sababu CA inavutia. Ila angalia krediti: kutoka B+ kwenda A kwenye kozi ya krediti 8 unaongeza pointi 8, kutoka C kwenda B kwenye kozi ya krediti 12 unaongeza pointi 12. Ukigawa kwa 60 ile ya kwanza inakupa kama 0.13 kwenye GPA ya semesta, ya pili inakupa 0.2. Na takwimu ndo ina hatari ya sapu, na vyuo vingi ukifanya sapu hata uandike vizuri namna gani unapewa C basi. Mtu anayehangaikia 3.5 apate upper second (daraja la pili la juu) hiyo tofauti ni kubwa sana. Kwa hiyo takwimu inachukua masaa mengi, sheria inalindwa.

Baada ya hapo ndo unahesabu masaa, na uhesabu ya kweli. Vipindi bado vinaendelea, kufua kupo, kanisani au msikitini kupo, na kama unakaa nje ya chuo toa mda wa daladala, mtu wa Mbagala anayesoma Mlimani, kampasi ya UDSM, hana siku sawa na aliyepanga Changanyikeni jirani na chuo. Tuseme siku za kawaida una masaa manne na wikendi saba kwa siku, hiyo ni 34 kwa wiki, wiki tatu ni 102. Toa kama 22 za umeme kukatika, kuumwa, msiba, mambo ya nyumbani. Zinabaki 80 na hizo ndo za kugawa: takwimu 24, uhasibu 18, DS 12, sheria 10, uchumi 10, mawasiliano 6. Unaona hazilingani, na hazitakiwi kulingana.

Halafu kwenye ratiba usiandike "takwimu saa 2 hadi saa 4 usiku". Andika kazi. "Maswali matatu ya probabiliti kutoka pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) bila kuangalia desa (notsi)." Kusoma desa mara ya tatu kunakupa raha ya kuona kila kitu unakijua, ukija kufunga karatasi hutoki na hata nusu ukurasa. Jiulize swali, jibu kwa kalamu, ndo ufungue uone ulipokosea. Na topiki moja usiimalize siku moja ukaiacha, irudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, hata kwa dakika ishirini tu. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijipima mwenyewe akaandika tangu mwaka 1885 jinsi kitu ulichojifunza kinavyopotea haraka siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kurundika pamoja.

Pasti pepa zina mtego mmoja, angalia nani alitunga. Kama lekchara amebadilika zitumie kwa mazoezi, usizitumie kubashiri. Na walau pepa moja kwa kila kozi ya hesabu ifanye kwa mda kamili, kama UE yenu ni masaa matatu kaa masaa matatu, simu iwe kwa mwenzio.

Diskasheni ni nzuri sana ila ziende baada ya kusoma mwenyewe. Watu wanne watano, kila mtu amekuja na swali lililomshinda, masaa mawili mnanyanyuka. Vimbweta (benchi za kusomea nje) vikijaa watu kumi na mbili, mmoja anafundisha na wengine wanaitikia, wengi wanaondoka bila kitu.

Taimtebo ya UE ikitoka ipange kwa kurudi nyuma kutoka pepa la mwisho. Siku moja kabla ya kila pepa ni ya pepa hilo peke yake. Zikifuatana, mfano takwimu jumanne asubuhi na uhasibu jumanne mchana, uhasibu inabidi iwe imekamilika ijumaa ya wiki iliyopita, jumatatu usiku hutaipata. Na zikigongana kabisa ripoti idarani siku hiyo hiyo.

Kukesha nakataa, hasa kabla ya pepa la hesabu. Usingizi ndo unasaidia ubongo kuhifadhi ulichosoma, ukikosa utakaa pale unaiona fomula unaijua na huwezi kuitumia. Saa tano usiku funga. Februari Dar joto ni kali mno mchana, kama bweni halisomeki amka saa kumi na moja alfajiri upige masaa mawili kabla jua halijawa kali.

Na wewe uliyebakiza siku nne tu, usianze desa ukurasa wa kwanza. Hesabu ya CA fanya leo, inakula nusu saa. Kozi ambazo CA yake ni ndogo na ziko kwenye hatari ya sapu zipe nusu ya mda wako wote, chukua pasti pepa tatu za kila moja, tia alama topiki zinazojirudia, anza na zile unazoweza kuzielewa ndani ya masaa mawili, na ile topiki moja ngumu kuliko zote iache.