Kuingiza biashara katika nchi mpya: anza kwa kuhesabu siku

Kampuni nyingi zikitaka kuvuka mipaka huanza na bei na wateja. Mimi huanza na siku. Mzigo ukiwa baharini, fedha zako nazo ziko baharini, na soko zuri halisaidii kitu kama ghala ni tupu.

Hatua ya 1: Fuata bidhaa moja safari nzima

Chukua bidhaa moja, uifuate tangu oda inapopokelewa kiwandani hadi inaposhushwa ghalani. Tuseme kiwanda siku 20, kusubiri meli 7, baharini 28, forodha 5, lori 2. Jumla 62. Ukiuza katoni 40 kwa siku, zitatoka katoni 2,480 kabla mzigo mpya haujafika.

Sasa tafuta mzigo uliochelewa kuliko yote. Kama ulichukua siku 80, weka akiba ya siku 18 zilizozidi, yaani katoni 720. Ghala likishuka hadi katoni 3,200, agiza siku hiyohiyo.

Wahasibu watakuambia akiba hiyo ni mtaji uliolala. Wakumbushe Machi 2021, meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Au mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Hatua ya 2: Kubalianeni hasara ni ya nani, na kuanzia wapi

Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za kugawana gharama na hasara kati ya muuzaji na mnunuzi, ina masharti 11. Linalowaponza wageni ni CIF: muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mwisho, lakini mzigo ukishapakiwa melini, hasara ikitokea ni ya mnunuzi. Kwa kontena napendelea FCA, ambapo hasara humhamia mnunuzi mzigo ukishakabidhiwa kwa msafirishaji, kwa sababu kontena hukabidhiwa kwa msafirishaji kabla halijapandishwa melini.

Hatua ya 3: Pata msimbo wa HS kabla ya kupanga bei

Msimbo huu ni namba inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani, na ndiyo inayoamua ushuru. Tarakimu sita za mwanzo hutumika kimataifa. Zinazofuata kila nchi ina zake. Mwulize wakala wa forodha wa huko uendako, akujibu kwa maandishi.

Hatua ya 4: Soma hati kwa sauti, watu wawili

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pote. Kontena letu moja liliwahi kukwama bandarini siku tisa kwa sababu orodha ya vifurushi iliandikwa kilo 18,240 na hati ya shehena kilo 18,420. Tarakimu mbili zimepishana tu, na gharama za kuhifadhi zikawa zinapanda kila siku.

Tangu hapo mmoja anashika ankara na kusoma, mwenzake anafuatisha kwa kidole kwenye hati ya shehena, orodha ya vifurushi na cheti cha asili ya bidhaa: jina la mpokeaji, idadi, uzito, namba ya kontena, namba ya lakiri. Fanyeni hivyo rasimu ikiwa bado inasahihishika, meli haijang'oa nanga.

Hatua ya 5: Mpe kazi msambazaji wa pili wa kukuletea bidhaa

Usimweke kwenye daftari tu. Mpe oda ndogo kila msimu, hata kama bei yake iko juu kidogo. Siku msambazaji wako wa kwanza akikwama, wateja wake wote watakimbilia viwanda vilevile, na kiwanda kitaanza na wale kinaowajua.