Piga picha 40 kabla ya kupeleka mada ya mradi

Mnaohangaika na mada ya grafiki za kompyuta mwaka wa mwisho, hili nimelipata nikimsaidia mdogo wangu hapa Mtwara: ijaribu mada kwa siku moja kabla msimamizi hajaiona. Chagua kitu unachokifikia kwa bodaboda, mfano mlango wa kuchongwa kule Mikindani. Kizunguke na simu, piga picha kama 40, kila moja ibebe zaidi ya nusu ya iliyotangulia, kisha ziingize kwenye Meshroom, programu ya bure. Inatafuta alama zilezile kwenye picha tofauti, ndipo inajua kila nukta ilipo na kujenga umbo la 3D. Likitoka hata na matundu, mada unayo. Kuyaziba matundu hayo ndiyo kazi yenyewe.

Kinyago cha mpingo kilichong'arishwa kitakusumbua sana. Mng'ao unahama kila ukisogea, alama zinapotea. Omba ambacho fundi hajakipaka kiwi, au piga siku ya mawingu. Ukuta mweupe mtupu nao hautoki. Na laptop isiyo na kadi ya grafiki ya NVIDIA itakwama njiani, kwa hiyo azima iliyo nayo mapema.