Basi kuukuu liwe nyumba ya safari ya familia: mambo ya kuangalia kabla hujashika msumeno

Kama unafikiria kununua basi lililochoka, ung'oe viti, uweke vitanda na jiko, mzunguke humo na familia, wazo ni zuri na mi nakuunga mkono kabisa. Ila soma hii kabla hujatoa hela. Watu wengi wanaanza na mapazia na rangi ya makabati, wakati vitu vinavyoamua kama mtafurahia safari au mtalala barabarani viko chini ya sakafu, na ukishapigilia mbao juu yake huvioni tena.

Makaratasi kwanza. Basi limesajiliwa kubeba abiria, wewe unataka liwe gari la kulala, na kila nchi ina utaratibu wake wa kubadilisha hiyo. Kwingine lazima likaguliwe upya, kwingine hawakubali mpaka waone kitanda na jiko vimefungwa imara, kwa hiyo nenda kaulize KABLA hujalipa. Angalia na leseni yako, maana nchi nyingi leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500 na basi la maana linapita hapo hata likiwa tupu. Na bima uwaulize wazi kama wanakubali gari ambalo umeme na gesi umefunga mwenyewe. Jibu walitoe kwa maandishi.

Urefu wa ndani: mrefu kuliko wote nyumbani asimame humo akiwa na viatu. Ukishaweka sakafu mpya na dari unapoteza sentimita 5 hadi 10, usisahau hilo.

Injini ikute ya baridi. Ukifika ukaigusa ukakuta ina joto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujaja, muulize kwa nini, au rudi siku nyingine. Iwashe, fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, kama moshi unasukuma kwa nguvu kutoka hapo basi ringi na silinda zimechoka. Kama ni breki za upepo acha geji ijae, zima injini, toka nje utulie usikilize. Ukisikia upepo unavuja huku mshale unashuka mbio, hilo siyo la kuendesha hata kulipeleka nyumbani. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Kutu nayo isikupite. Kutu ya juu juu inaondoka kwa brashi ya waya na rangi, lakini kutu iliyokula chuma mpaka ndani inataka kukata na kuchomelea, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, ingia uvunguni, gonga na uchokoe fremu, sehemu springi zinaposhikilia, matangi ya upepo, ngazi za mlangoni, na kuzunguka magurudumu. Ukiona chini kumepakwa lami mbichi nyeusi kila mahali, na juu gari limechakaa, chokoa zaidi, mara nyingi kuna kitu kimefichwa. Halafu ukishalinunua ng'oa sakafu YOTE ya zamani, hata kama inaonekana nzima, maana maji ya miaka yote yamekuwa yakikaa chini ya ile plaiwudi. Kabla hujaziba kuta mwagia madirisha maji kwa mpira, moja moja, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Panapovuja paweke alama, pazibe, mwagia tena. Ukijenga juu ya dirisha linalovuja mbao zitaoza kutoka nyuma na utajua siku ukuta umeshabonyea.

Sasa uzito. Hapa nitakaa, maana ndipo nilipoona watu wazima wanatetemeka.

Kuna jamaa yangu, seremala wa kweli kweli, yeye na mkewe na watoto watatu walinunua basi la abiria 25. Hesabu yake ilikuwa rahisi: gari lilikuwa linabeba watu 25 na mabegi yao, sisi tuko watano, uzito gani utatusumbua? Ukisikia inaingia akilini, na ndo maana nawaambia, watu wengi wanapiga hesabu hiyohiyo. Akajenga kwa plaiwudi ya milimita 18 ukutani na kwenye dari, maana ndo anayoizoea kwenye makabati ya majumbani. Karatasi moja nzima ya hiyo ina kilo 30 na kitu. Jiko akalitengeneza kwa mbao ngumu. Tangi la maji la lita 400 akalisukuma mkiani kabisa chini ya kitanda, upande wa kushoto, na betri zile za asidi akazipanga palepale pembeni ili nyaya ziwe fupi. Juu ya paa keria, sola, baiskeli. Kazi ilikuwa safi sana, kila aliyeingia alishika zile droo akazifungua na kuzifunga.

Dalili zilikuja mapema. Mkewe ndo alikuwa anaendesha, akasema kwenye kupanda usukani unakuwa mwepesi, hausikii barabara. Mumewe akamwambia hiyo ni raha ya stelingi pawa aliyoibadilisha. Mimi nilikuwa ndani siku ile. Tulipoanza kushuka ikaanza harufu ya mpira, tukadhani ni gari lingine mbele yetu, halafu ukatokea mlio mmoja mkubwa chini kushoto na gari zima likayumba. Yule mama alishikilia usukani kwa nguvu, akaliacha lipunguze lenyewe bila kukanyaga breki ghafla, akalitoa pembeni. Na hilo lishike, tairi la nyuma likipasuka usipige breki za kushtuka.

Tairi la nje la nyuma ndo lililopasuka. Ukanda wake wa mpira ulijitandika kwenye bati la juu ya gurudumu ukalichana, ukavunja na lile sanduku la mbao alilolijenga juu yake. Sanduku hilo mtoto wa katikati alikuwa analikalia kuchora. Saa hiyo alikuwa amehamia mbele kulala. Tulikuta kalamu zake za rangi zimechanganyika na vipande vya mpira na zile nyaya nyembamba za chuma zinazotoka ndani ya tairi, nyingine zimechoma mpaka kwenye mto. Baba mtu alikaa chini barabarani na ile kalamu mkononi, hakuongea muda mrefu.

Cha ajabu lile tairi meno yake yalikuwa bado marefu. Tulipolisoma ubavuni ndo tukaelewa. Mwisho wa ule mstari wa herufi unaoanza na DOT kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. La kwao lilikuwa limepita miaka 10, umri ambao watengenezaji wengi wanasema tairi litolewe hata kama linaonekana zima. Basi lililokaa uani miaka linakuwa na matairi ya namna hii, mazuri kwa macho tu. Soma yote, na yale ya ndani kwenye jozi za nyuma, inama na tochi, usiridhike na ya nje.

Lakini umri ulikuwa nusu tu ya tatizo. Walipolipeleka kwenye mzani wa malori, ekseli ya nyuma, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu ya nyuma, ilikuwa imepita kiwango chake kwa kilo karibu 700, na ya mbele ilikuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Ndo maana usukani ulikuwa hausikii barabara. Kitu kizito ukikiweka nyuma ya ekseli ya nyuma, gari linafanya kama pembea ya ubao, mkia unashuka na pua inanyanyuka. Chukua hesabu hii: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 4, wewe unaweka tangi la kilo 400 mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haibebi 400, inabeba 550, kwa sababu zile 150 zimeondolewa mbele. Tangi lilelile ukiliweka katikati ya ekseli mbili, zinagawana mia mbili mbili. Abiria 25 walikuwa wamejigawa gari zima, makabati hayajigawi, yanakaa pale ulipoyafunga.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kile kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kipo mlangoni kwa dereva au karibu na injini, kinaonyesha uzito wa juu wa gari zima na wa kila ekseli. Piga picha. Ukishang'oa viti lipeleke mzani likiwa tupu: magurudumu ya mbele peke yake, gari zima, kisha ya nyuma peke yake, na kama wanaruhusu pima upande wa kushoto na wa kulia. Uzito huo utoe kwenye kiwango cha kibati, kilo zinazobaki ndo mali yako ya kutumia, na humo waingie watu wote, maji, mafuta, nguo, chakula, vitabu vya watoto, kila kitu. Lita ya maji ni kilo moja, dizeli karibu kilo 0.84. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (imeandikwa 100Ah) ni kama kilo 30 na ni vizuri kutumia nusu yake tu, ya lithiamu ni kama 12 na unaitumia karibu yote. Nunua daftari, kila unachokifunga kipime uandike. Kuta weka plaiwudi nyembamba, ya milimita 6 inatosha sehemu nyingi, ya 18 iache kwenye vitanda na panapobeba. Pima tena kazi ikifika nusu, siyo mwisho tu. Jamaa yangu alibomoa karibu nusu ya kazi yake, tangi likaja katikati, mbao ngumu zikatoka, na leo wanasafiri vizuri.

Viti vya watoto. Mkanda uliofungwa kwenye kiti kilichofungwa kwenye plaiwudi haumshiki mtu, gari likigonga vinang'oka vyote pamoja. Kiti cha kusafiria kifungwe kwenye chuma cha gari, kitazame mbele, mkanda wa pointi tatu. Benchi la kukaa ubavuni ni la kulia chakula gari likiwa limesimama, na wakati gari linatembea hakuna mtoto kitandani. Idadi ya viti vyenye mikanda ndo idadi ya familia itakayosafiri, mgeni hata akilia asipande.

Umeme: angalia kwanza gari ni volti 12 au 24. Mabasi mengi ni 24 na watu wananunua friji, pampu na taa za 12 halafu wanaziunguza siku ya kwanza. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 2,000 kwenye volti 12 inavuta ampea zaidi ya 160, kwa hiyo waya mwembamba unageuka hita ndani ya ukuta wa mbao. Waya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, na kila laini iwe na fyuzi yake. Hujui umeme, lipa anayejua.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni, kwa hiyo mtungi uwe kwenye kijichumba chake kilichozibwa upande wa ndani, chenye tundu la kutokea chini kabisa kwenda nje. King'ora cha gesi kiwe karibu na sakafu. Cha kaboni monoksaidi kiwe usawa wa vichwa vya wanaolala, hiyo haina harufu na inaua watu usingizini, kwa hiyo jiko lisitumike kupasha joto usiku hata baridi iwe kali vipi. Mlango wa dharura wa basi usiuzibe kwa kitanda. Wafundishe watoto kuufungua wenyewe gizani, warudie mpaka wazoee, na kizima moto kiwe pale mlangoni.

Unyevu: familia ya wanne wakilala usiku mmoja wanatoa kwa pumzi na jasho karibu lita moja ya maji, na mengi yanaenda kwenye bati baridi. Weka tundu la hewa juu na jingine chini, msifunge yote.

Na mengine ni ya kawaida ila watu wanayasahau. Chora vitanda na jiko sakafuni kwa utepe wa karatasi kabla ya kukata mbao, halafu tupieni magodoro mlale humo likiwa bado tupu, mtajua wenyewe nani anahitaji nafasi wapi. Chagua injini ambayo vipuri vyake vinapatikana, andika namba za filta na mikanda ya injini uweke kwenye dashibodi. Hakikisha jeki yako inanyanyua gari likiwa limejaa, siyo tupu. Bandika mbele ya dereva kimo cha gari pamoja na keria, kabla hujakutana na daraja fupi. Safari ya kwanza iwe ya karibu. Na ukishafungua gurudumu lolote, nati zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hata kama aliyezifunga ni fundi unayemwamini.