Kufufua kisa cha zamani, na lini utunge chako

Mwongoza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yule anayesimulia kisa huku wachezaji wakiamua wahusika wao wafanye nini, akiniuliza atunge kisa kipya au afufue cha zamani, nami humuuliza: waliomo ndani ya hicho cha zamani wanataka nini? Kama ni vyumba na mitego tu, kiache, tunga chako. Kama wakazi wake wana tamaa na hofu zao, umeshapata mtaji.

Chukua The Keep on the Borderlands, kisa cha Gary Gygax kilichokuwa kikitiwa ndani ya boksi la msingi, la wanaoanza, la mchezo wa Dungeons & Dragons. Kwa haraka haraka utaona bonde la mapango, kila pango na viumbe wake wa kuua. Soma vizuri. Goblini wamepatana na zimwi jirani yao: wakibanwa wanapiga kelele, wanamrushia gunia la vipande 250 vya dhahabu, naye anakuja kuwapigania. Wachezaji wangu walipogundua hilo walimpandia dau zimwi, na usiku mzima ukaishia kwenye mnada. Upanga haukuchomolewa.

Kwa hiyo kisome mara moja bila kalamu. Mara ya pili, kwa kila kundi andika mambo matatu: wanataka nini, wanamwogopa nani, na watafanya nini wachezaji wasipotokea kabisa. Hilo la tatu usiliruke, maana visa vingi vya zamani vina viumbe waliokaa tu vyumbani wakingoja mlango ufunguliwe. Wape watu majina pia. Katika ngome ya Gygax, wanakoanzia wachezaji, hata mkuu wa ngome hana jina, na mchezaji ataulizia la muuza pombe kabla hajaulizia njia ya mapangoni.

Namba zisikutishe. Zamani kinga, yaani namba ya ugumu wa kumpiga kiumbe, ilihesabiwa kwenda chini: ndogo ndiyo bora. Tangu toleo la tatu la mchezo, la mwaka 2000, inapanda. Kwa kisa cha AD&D, toleo pana la enzi hizo, 20 toa kinga ya zamani: 4 inakuwa 16. Kwa kisa cha boksi la msingi, ambako asiye na deraya alikuwa na 9, anzia 19. Uhai na mapigo, chukua ya kiumbe huyo huyo kwenye kitabu chako cha sasa. Dhahabu ipunguze: enzi zile ndiyo iliyowapandisha wahusika daraja, ndiyo maana imemwagwa kila kona.

Na kama mezani kuna aliyewahi kukicheza? Kisa cha Ravenloft cha Tracy na Laura Hickman, cha 1983, kilishalitatua hilo: karata zinaamua vitu muhimu vimefichwa wapi na Strahd, mnyonya damu mwenye kasri, anatafuta nini. Andika sehemu tatu nne za kufichia, changanya karata, vuta.

Kipya nakitunga pale wachezaji wenyewe wameshanipa mada, mmoja anamsaka kaka yake, mwingine ana deni la damu. Kuwabebesha kisa cha watu wengine hapo ni kuwaonea. Ila ramani sichori. Naichukua ya zamani, naigeuza juu chini, na mlango wa kuingilia nauweka palipokuwa na hazina.