Namna ya Kuandika Ombi la Kumwondoa Jaji Kazini Nchini Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu yeyote haki ya kuiandikia Tume ya Huduma za Mahakama akiomba jaji aondolewe kazini. Haki hiyo ni nzito, kwa kuwa ombi lililoandikwa kwa hasira humchafulia jina jaji asiye na hatia.

Hakikisha kwanza kwamba unayemlalamikia ni jaji. Kifungu cha 168 kinawahusu majaji wa Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu na mahakama zenye hadhi sawa nayo, kama ile ya Mazingira na Ardhi. Mahakimu na makadhi hutiwa adabu na Tume kwa utaratibu mwingine.

Kisha pima malalamiko yako kwa sababu zinazokubalika kikatiba: kushindwa kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili, kukiuka kanuni za maadili, kufilisika, kutoimudu kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa kesi hakumo. Jaji aliyeupima ushahidi vibaya kwa nia njema hurekebishwa kwa rufaa, na anayekata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa ana siku 14 tu za kuwasilisha notisi ya rufaa tangu uamuzi utolewe. Ombi kwa Tume halisimamishi siku hizo, na inasikitisha kuona mtu akipoteza rufaa yenye nguvu kwa sababu alitumia muda wake wote kumwandama jaji.

Ombi lenyewe sharti liwe la maandishi na lieleze mambo yaliyotendeka. Sentensi kama “jaji huyu anapendelea matajiri” haina la kuchunguzwa. Andika badala yake kwamba tarehe fulani, kabla ya kesi kuitwa, wakili wa upande wa pili aliingia peke yake ofisini mwa jaji, nani alimwona, na ni amri gani iliyotolewa baada ya hapo. Kisha uambatishe nakala ya amri hiyo, kumbukumbu za kesi na hati ya kiapo ya shahidi. Uliyosikia kwa watu yatenge na uliyoyashuhudia mwenyewe.

Tume ikiridhika kwamba ombi limeonyesha sababu, humpelekea ombi hilo Rais, ambaye ndani ya siku 14 humsimamisha jaji kazi na kuunda jopo la kumchunguza kulingana na mapendekezo ya Tume. Akiwa amesimamishwa, jaji hulipwa nusu ya mshahara na marupurupu yake. Jopo likipendekeza aondolewe, ana siku 10 za kukata rufaa katika Mahakama ya Juu, na Rais hachukui hatua hadi muda huo upite au rufaa iamuliwe.