Kupiga Linux kwenye ofisi ya AMCOS bila kukwamisha msimu

Ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao, ni la wanachama. Mizani ni ya wanachama. Lakini kompyuta iliyo mezani kwa mhasibu, ile yenye rekodi ya nani kaleta kilo ngapi na anadai kiasi gani, mara nyingi inatembea kwa Windows iliyokrakiwa mjini, na ikigoma hakuna mjumbe wa bodi mwenye haki ya kuifungua na kuona ndani kuna nini. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka njia kuu za uchumi zimilikiwe na wakulima na wafanyakazi. Leo hii rekodi za mauzo, na programu inayozitunza, zimo kwenye njia hizo.

Programu huria, ikiwemo Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshika nafasi ya Windows), zinaendeshwa kwa kanuni ambayo mwanaushirika hahitaji kufundishwa. Leseni ya GPL, iliyozaliwa na mradi wa GNU ambao mwanaprogramu wa Marekani Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, inakuruhusu kutumia programu kwa kazi yoyote, kuchungulia msimbo wake (maandishi yaliyoiunda), kuurekebisha na kumgawia mwenzio. Ukigawa uliyoirekebisha, unampa na msimbo kwa masharti hayohayo. Kwa ruhusa za namna hiyo, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kuitoa OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004 bila kumpigia mtu magoti. Kukraki hakukupi hata moja kati ya haki hizo. Bado ni mali ya mwenyewe, umeingia tu kwa mlango wa nyuma.

Basi tuingie kazini: kupiga Linux, yaani kuisakinisha.

Muda na orodha

Chama cha zabibu cha Hombolo au Chinangali, mkoani Dodoma, kisiguse kompyuta Februari na Machi, wala Agosti na Septemba, mizigo ikiwa inapimwa. Chagueni wiki mbili tulivu, uamuzi upite kwenye bodi na uandikwe kwenye muhtasari, ili mambo yakikwama wiki ya kwanza isionekane ni ubishi wa kijana mmoja.

Kisha andika kila kitu ofisi inachotumia: programu, printa, tovuti za serikali, skana. Hapa ndipo kazi hufa au hupona. Mifumo inayofunguka kwenye kivinjari kwa kawaida hukubali Firefox, lakini ijaribu mmoja mmoja, kuingia na kupakia fomu, kabla ya kufuta chochote. Tally, programu ya hesabu, ni ya Windows. Kama mhasibu anaishi ndani ya Tally, iacheni mashine moja na Windows yenye leseni halali, zilizobaki zihame, na hesabu ziingizwe sambamba kwenye GnuCash, programu huria ya hesabu, kwa angalau miezi mitatu. Anayemlazimisha mhasibu kuruka kwa siku moja atamfanya aichukie Linux, na mhasibu atakuwa na haki.

Mashine

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi zilizotoka kabla ya 2018. Ndiyo maana mezani kwa wauza mitumba kuna kompyuta nzuri ambazo Linux itazibeba miaka mingi. Tafuta yenye prosesa ya biti 64 na ramu ya GB 4; GB 8 ni raha. Linux Mint, toleo la Linux tutakalotumia, ikiwa na mwonekano mwepesi wa Xfce inakubali hata GB 2, ila ukifungua Firefox na kurasa tano utaanza kusubiri. Fedha ikiwa ni ya kitu kimoja tu, nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 120 au 240. Diski ya kuzunguka ndiyo inayofanya mashine ya zamani ionekane mzee. Ibadilishe na utadhani umenunua nyingine.

Vumbi la Dodoma ni adui wa kweli, hasa kati ya Mei na Novemba mvua zikiwa hazipo. Fungua boksi, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha pulizia kwa blowa kutoka ndani kwenda nje. Feni ikiachwa izunguke kwa upepo wa blowa, beringi huharibika. Mapezi ya chuma juu ya prosesa yakiwa yamefunikwa na blanketi la kijivu, yatoe, safisha, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Badilisha na betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ya mashine. Ikifa, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka. Firefox itakataa tovuti salama, na usasishaji utagoma ukidai faili bado halijafika muda wake. Watu hulaumu mtandao siku nzima kumbe ni betri.

Kuokoa kazi ya zamani

Pakua Mint kwenye tovuti yake rasmi. Faili linakaribia GB 3, kwa hiyo tumia bando la usiku au mtandao wa mwenzako. Usilitumie kabla ya kuhakiki, maana mtandao ukikatika katikati faili linaweza kuonekana zima na huku lina kasoro. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), ingia kwenye folda yenye faili, uandike (jina la faili liwe kama ulivyolipakua):

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Herufi na tarakimu 64 zitakazotoka zilinganishe na zile za kwenye tovuti. Ikitofautiana hata moja, pakua upya. Kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher. Kunakili tu faili kwenye flashi hakutoshi, mashine haitawaka nayo.

Zima Windows huku umeshikilia Shift, ili izimike kweli. Bila hivyo huwa inasinzia tu, na Linux itaifungua diski kwa kusoma peke yake au kukataa kabisa. Washa na ubonyeze kitufe cha kuchagua flashi: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Skrini ikibaki nyeusi, rudia na uchague hali ya tahadhari, ile iliyoandikwa Compatibility mode.

Ukiwa hapo, nakili nyaraka zote kwenda diski ya nje. Kufanya hivi ndani ya Linux kuna faida moja kubwa. Flashi nyingi za maofisini zina kile kirusi cha njia ya mkato: folda zinageuka kuwa vialama vya KB 1 vyenye mshale, na watu hudhani faili zimefutika. Ukiifungua flashi hiyo kwenye Mint, folda halisi zilizofichwa unaziona hapohapo. Chukua folda, acha vialama na kila faili linaloishia na .vbs, .lnk au .exe.

Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake pande zote mbili, halafu fungua kumi bila kuchagua. Na kabla ya kuifuta Windows, iwashe kwa mara ya mwisho uandike nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Nyaraka kila mtu huzikumbuka. Nywila ya tovuti ya kodi ndiyo inayosahaulika.

Kupiga

Kupiga kwenyewe ni dakika 20 hivi kwa SSD. Chagua kufuta diski yote, saa ya Dar es Salaam, kibodi ya Marekani. Mashine yenye taarifa za wanachama, namba za simu na za NIDA, funga diski yake kwa usimbaji (encryption) wakati huohuo, maana kuuongeza baadaye ni kazi ya kuanza upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata kama ofisi yenu ni chumba kimoja. Mashine ya mapokezi isiyo na taarifa hizo iache wazi. La sivyo kila umeme ukirudi atatafutwa mwenye neno la kufungulia.

Printa ni bahati nasibu yenye kanuni. HP nyingi hufanya kazi kwa programu ya hplip, na baadhi, kama LaserJet P1102, hudai kipande cha ziada unachokipata kwa amri ya hp-plugin. Epson za matanki hukubali kifurushi cha printer-driver-escpr. Canon LBP2900 itakupotezea siku nzima. Ihamishie kwenye ile mashine ya Windows.

Kama mnazo mashine tatu au zaidi, msipakue masasisho mara tatu. Kwenye mashine moja ambayo haizimwi saa za kazi, yenye anwani ya mtandao isiyobadilika (tuseme 192.168.1.10), andika kwenye dirisha la amri la Mint (Terminal):

sudo apt install apt-cacher-ng

Kwenye zilizobaki, tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mistari miwili:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Ya kwanza kusasishwa inalipa bando, nyingine zinachota kwa jirani. Huo ndio ushirika wenyewe, umeandikwa kwa mistari miwili. Hiyo mashine mama ikizimwa, zingine zitashindwa kusasishwa. Liondoe faili hilo kwa muda.

Wiki mbili za mwanzo

Malalamiko ya kwanza yatakuwa kwamba barua imeharibika. Mara nyingi ni fonti tu: LibreOffice, inayoshika nafasi ya Microsoft Office ndani ya Mint, haina Calibri wala Cambria, ikaweka nyingine yenye upana tofauti na mistari ikahama. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, zenye upana uleule, na barua itarudi mahali pake. Jedwali la kawaida la Excel litafunguka vizuri, lenye makro (amri zinazojiendesha) linaweza kugoma. Linganisha jumla ya kila jedwali la malipo na nakala iliyochapishwa kabla ya kulipa mtu hata senti. Kinachokwenda nje kitume kama PDF.

Mint inakuja na Timeshift, programu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, na wengi huiwasha wakidhani wameshahifadhi kazi. Timeshift inalinda mfumo. Nyaraka zako haizigusi isipokuwa umeiagiza. Nyaraka zinakiliwe kila Ijumaa kwenye diski mbili za nje kwa kupokezana, moja ikilala ofisini na nyingine ikilala nje ya ofisi:

rsync -av ~/Documents/ /media/chama/nakala/

Badilisha njia ya pili iendane na jina la diski yenu.

Limebaki la madaraka. Msimuondoe bwana mmoja mkamweka fundi awe bwana mpya. Akaunti zenye uwezo wa kubadilisha mfumo ziwe mbili, moja ya fundi na moja ya mtu aliyechaguliwa na bodi, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya kawaida. Nywila za akaunti hizo mbili na neno la kufungulia diski viandikwe kwa mkono, viwekwe kwenye bahasha, bahasha iingie kwenye sefu ya chama. Kila miezi sita bodi iifungue, mjumbe mmoja aketi mbele ya mashine na ajaribu kila neno kama lilivyoandikwa. Likikataa, fundi yupo hapohapo kulibadilisha: andikeni jipya, fungeni bahasha, sahihi mbili na tarehe juu ya gundi.