SOMO: Kuutambua mbadapaka bila kuuchanganya na mkunazi

Naandika mara moja, nisiulizwe tena. Kila wiki natumiwa picha ya kichaka imepigwa toka barabarani, na maneno mawili: "Mti gani?" Majina ya kienyeji hugongana, hivyo jueni nasema Capparis tomentosa.

1. Mahali: nyika, kando ya mito, na mara nyingi juu ya kichuguu.

2. Umbo: kichaka kinachoparamia miti mingine.

3. Majani: yanapokezana tawini, kila jani zima. Ukiona vijani vidogovidogo vimepangana kwenye kikonyo kimoja, hicho kikwata, mti mwingine wa miba. Rudi nyumbani.

4. Miba na mishipa. Hapa nilichemka. Mpakani mwa shamba la jirani palikuwa na kichaka kichanga, miba miwilimiwili, majani yana manyoya. Nikamwambia, "Mama, usikate, huo mkunazi, wajukuu watakula." Msimu wa matunda likaning'inia dude la duara, rangi ya waridi, kumbe mbadapaka, na mjukuu tayari analo mkononi. Bahati hakulionja. Nilisoma manyoya, sikusoma mishipa. Na mkunazi nao una manyoya chini ya jani! Basi geuza jani. Mkunazi una mishipa mikuu mitatu inayoanzia pamoja kikonyoni. Mbadapaka una mmoja wa kati, mingine inachipuka ubavuni mwake. Kisha miba: ya mkunazi ikiwa miwili, mara nyingi mmoja umenyooka, ya mbadapaka yote imepinda kama ndoana. Kagua tawi changa, la zamani hudanganya. Ukinaswa usivute mkono, usukume mbele kwanza.

5. Ua: petali 4, stameni (nyuzi zenye chavua) nyingi ndefu, na ovari (sehemu inayokuwa tunda) imeinuliwa juu ya kikonyo chake yenyewe.

ONYO: mmea huu una sumu, umeshadhuru mifugo. Tunda usijaribie.

MASWALI

Kijana wa Nyika: Mkuu, na huu je? (picha)
— Umepiga kivuli chako. Hatua ya 4.

Mama Tunu: Unatibu nini?
— Dada, hili somo la kutambua. Najua mizizi inatumika kienyeji. Kipimo hukipati kwangu.

Kijana wa Nyika: Si useme tu ndiyo au hapana?
— Jirani yangu nilimjibu hivyohivyo, mjukuu akaponea chupuchupu.

Mwanabotania Mdogo: Mwalimu, nimekuta tunda tu, maua yameisha. Hicho kikonyo cha ovari nitakijuaje?
— Swali zuri sana. Shika nyanya: vile vijani vya ua vimekumbatia tunda lenyewe. Sasa shika hili, fuata kikonyo kwa ukucha kutoka tundani kurudi tawini. Utagusa kifundo, ndipo petali na stameni zilipodondokea. Kati ya kifundo na tunda pamebaki kipande kirefu, ndicho hicho.

Mpishi: Ndiyo zile kepa za kwenye chupa?
— Ndugu yake, Capparis spinosa wa Mediterania. Wanachuma matumba ya maua kabla hayajafunguka, wanayaloweka kwenye chumvi au siki. Huu wetu usiuloweke.

Mwanabotania Mdogo: Wangu umejaa viwavi wa kijani.
— Huenda ni wa vipepeo weupe, wengi wao hutaga kwenye jamii hii ya mimea. Mimi nikiwaona wanazungukazunguka kichaka kimoja, nakifuata.

Mama Tunu: Kumbe! Wanazunguka kichuguu nyuma ya banda la mbuzi. Kesho nageuza majani.
— Mbuzi wafunge kwanza.